Jiwe la Mizani kwa Mashine ya MRI: Namna Ubora wa Picha Unavyopimwa na Kulinganishwa

Mkulima wa vitunguu anayefikisha mzigo wake katika Soko la Misuna, Manispaa ya Singida, haulizi kama mizani inang'aa au imepakwa rangi upya. Anachotaka kujua ni kama imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Mkaguzi naye haihakiki mizani kwa kuitazama. Huweka juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana, kisha husoma mshale. Jiwe la kilo 20 likisomeka kilo 18, mizani hiyo ni mbovu, hata kama imetoka dukani jana.

Kanuni hiyo hiyo hutumika kuhakiki mashine za MRI, ambazo wakazi wa Wilaya ya Ikungi hupewa rufaa kuzifuata nje ya wilaya. Somo la toleo hili linaeleza mashine hizo hupimwa kwa jiwe gani, mashine mbili hulinganishwa vipi kwa haki, na kwa nini jambo hilo linamhusu mkazi wa Puma, Sepuka au Mungaa ambaye hajawahi kuingia katika chumba cha MRI.

Milimita tatu zenye uzito

Chukua mfano wa mgonjwa anayesumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyoisha. Mwezi Januari amepigwa picha ya MRI katika hospitali moja, na ripoti ikasema ana uvimbe mdogo kichwani wenye kipenyo cha milimita 21. Mwezi Julai, akiwa kwa ndugu zake katika mkoa mwingine, amepigwa picha ya pili katika hospitali nyingine. Ripoti hiyo imesema milimita 24.

Je, uvimbe umekua? Jibu la swali hilo huamua mambo makubwa. Ikiwa umekua, huenda madaktari wakashauri upasuaji. Ikiwa haujakua, huenda wakashauri mgonjwa aendelee kuangaliwa kliniki. Familia ikiamini jibu lisilo sahihi, inaweza kuuza mifugo kugharamia safari na matibabu ambayo hayakuhitajika, au inaweza kukaa nyumbani ilhali ugonjwa unasonga mbele.

Milimita tatu hizo zinaweza kuwa ugonjwa. Zinaweza pia kuwa tofauti ya mashine, au tofauti ya namna picha zilivyopigwa. Ripoti mbili zikiwekwa mezani peke yake haziwezi kutoa jibu. Jibu hupatikana pale inapojulikana kila mashine ilikuwa inapima sawasawa kwa kiasi gani, na picha zote mbili zilipigwa kwa utaratibu upi.

Maji, sumaku na mawimbi ya redio

MRI ni kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili bila kutumia mionzi ya X-ray. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na ndani ya maji kuna hidrojeni. Mgonjwa anapolazwa ndani ya sumaku kubwa ya mashine, viini vya hidrojeni hujipanga kufuata mwelekeo wa sumaku hiyo. Mashine hutuma mawimbi ya redio yanayovisukuma kidogo viini hivyo. Mawimbi yakikatika, viini hurudi mahali pake na kutoa mawimbi yao wenyewe, ambayo hupokelewa na antena iliyowekwa karibu na mwili. Maji yaliyo katika ubongo, mafuta, misuli na uvimbe hayarudi kwa kasi moja. Tofauti hizo za kasi ndizo zinazogeuzwa na kompyuta kuwa weupe, weusi na rangi ya kijivu katika picha.

Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla. Mashine nyingi za hospitalini zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoelekeza sindano ya dira. Katika nguvu hiyo, mawimbi yanayotoka mwilini huwa na masafa ya megahezi 64 hivi, si mbali na matangazo ya redio za FM yanayoanzia karibu na megahezi 88. Ndiyo maana chumba cha MRI huzungushiwa mabati ya shaba ukutani, darini na mlangoni, ili mawimbi ya nje yasiingie. Zuio la mlango likichakaa, mawimbi ya nje hupenya na kuchora mstari wa vitone katikati ya picha ya mgonjwa.

Ipo historia fupi inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1973 mwanasayansi Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha ya kwanza iliyotengenezwa kwa njia hii. Picha hiyo haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya mirija miwili myembamba ya kioo yenye maji, ambayo ukubwa wake ulijulikana. Mwaka 2003 Lauterbur na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, mashine ya namna hii ilithibitishwa kwa kupiga picha ya kitu kinachojulikana kabla ya kuaminiwa kwa kitu kisichojulikana.

Kwa nini jicho halitoshi

Mtu anaweza kudhani kwamba ubora wa picha hutambulika kwa kuitazama tu. Zipo sababu tatu zinazofanya jicho lisitoshe.

Sababu ya kwanza ni kwamba mwanga wa picha ya MRI hauna kizio maalumu. Katika CT-Scan, namba za picha zimefungwa kwenye kipimo kinachofanana kwa mashine zote: maji husomeka 0 na hewa husomeka hasi 1,000. Katika picha za kawaida za MRI hakuna makubaliano ya namna hiyo. Sehemu ile ile ya ubongo inaweza kupewa namba 400 na mashine moja na namba 900 na mashine nyingine, na zote mbili zikawa hazijakosea. Kulinganisha namba hizo moja kwa moja ni sawa na kulinganisha bei za masoko mawili bila kuuliza kama kipimo kilikuwa debe au kilo.

Sababu ya pili ni kwamba mwanga wa picha unaweza kuongezwa au kupunguzwa kwenye skrini, kama mtu anavyofanya kwenye simu yake. Picha ikionekana kali, huenda ni skrini iliyorekebishwa vizuri, wala si mashine bora.

Sababu ya tatu ni mgonjwa mwenyewe. Mtu mmoja hutulia, mwingine hukohoa. Mmoja ni mwembamba, mwingine mnene. Mashine mbili zikipiga watu wawili tofauti, haiwezekani kusema ni kipi kimesababisha tofauti ya picha. Inahitajika kitu kisichopumua, kisichoogopa na kisichobadilika umbo.

Fantomu ndiyo jiwe la mizani

Kitu hicho huitwa fantomu. Ni chombo cha plastiki ngumu kilichojazwa maji yenye chumvi maalumu, na ndani yake mmepangwa matundu, kabari na visahani ambavyo vipimo vyake vinajulikana kwa uhakika. Fantomu inayotumika sana duniani ni ile ya Chuo cha Radiolojia cha Marekani. Ile kubwa ina umbo la mcheduara, mithili ya kopo kubwa la rangi. Urefu wake kwa ndani ni milimita 148 na kipenyo chake kwa ndani ni milimita 190. Mtaalamu huilaza mahali ambapo kichwa cha mgonjwa hulazwa, huipiga picha, kisha hufanya vipimo saba.

Kipimo cha kwanza ni usahihi wa umbo. Mtaalamu hupima urefu na kipenyo cha fantomu katika picha. Ikiwa kipenyo cha milimita 190 kinasomeka 190 au karibu sana na hapo, mashine haipindishi umbo. Kikisomeka 198, mashine hiyo inarefusha kila inachokipiga.

Kipimo cha pili ni uwezo wa kutenganisha vitu vidogo. Ndani ya fantomu mna safu za vitundu vyenye vipenyo vya milimita 1.1, 1.0 na 0.9. Mashine inatakiwa ionyeshe vitundu vya milimita 1.0 kimoja kimoja, visiungane na kuwa doa moja.

Kipimo cha tatu ni unene wa kipande. MRI hukata mwili kwa picha kama mkate unavyokatwa silesi. Mashine ikiagizwa kukata kipande cha milimita 5, picha ya kabari zilizomo ndani ya fantomu huonyesha kama kweli imekata milimita 5. Tofauti inayovumiliwa ni milimita 0.7.

Kipimo cha nne ni mahali pa kipande, yaani kama mashine imekata pale ilipoagizwa au imesogea pembeni.

Kipimo cha tano ni usawa wa mwanga. Maji ya fantomu ni yale yale kila mahali, hivyo yanapaswa kuonekana na mwanga ule ule. Tuseme eneo angavu kuliko yote linasomeka 1,000 na eneo hafifu kuliko yote linasomeka 800. Tofauti yake ni 200 na jumla yake ni 1,800. Gawanya 200 kwa 1,800 upate asilimia 11.1, ukiitoa katika 100, usawa ni asilimia 88.9. Kwa mashine zenye nguvu chini ya tesla 3, usawa huo unavuka kiwango kinachotakiwa. Mashine hii imefaulu.

Kipimo cha sita ni vivuli. Mashine yenye hitilafu huweza kuchora nakala hafifu ya fantomu mahali ambapo hapana kitu. Katika picha ya mgonjwa, kivuli cha namna hiyo kinaweza kudhaniwa ugonjwa.

Kipimo cha saba ni kuona vitu hafifu. Fantomu ina visahani vidogo vinavyokaribia kufanana na maji yanayovizunguka. Vimepangwa katika safu 10 kwenye kila kimoja cha vipande vinne, na kufanya jumla ya safu 40. Mtaalamu huhesabu safu zinazoonekana kikamilifu. Kipimo hiki kinafanana sana na kazi halisi ya daktari, kwa maana ugonjwa unapoanza huwa haujitofautishi sana na nyama nzima iliyo kando yake.

Picha isiyo na chenga

Zaidi ya vipimo hivyo saba, wataalamu hupima uwiano wa mawimbi na chenga. Kila aliyewahi kuangalia runinga yenye antena mbovu anazijua chenga: punje nyeusi na nyeupe zinazocheza juu ya picha. MRI nayo ina chenga zake, zinazotokana na joto la mwili na vifaa vya umeme vya mashine yenyewe.

Njia mojawapo ya kuzipima ni rahisi kuieleza. Fantomu hupigwa picha mbili mfululizo bila kusogezwa. Kompyuta huitoa picha ya pili katika picha ya kwanza. Kila kilicho sawa katika picha zote mbili hufutika, na kinachobaki ni chenga tupu, ambazo ukubwa wake huweza kukokotolewa. Kisha wastani wa mwanga wa fantomu hugawanywa kwa ukubwa wa chenga.

Tuseme katika Mashine A wastani wa mwanga ni 600 na chenga ni 12. Uwiano ni 50. Katika Mashine B wastani wa mwanga ni 300 tu, lakini chenga ni 5. Uwiano ni 60. Mtu anayetazama mwanga peke yake angeichagua Mashine A, kwa kuwa mwanga wake ni maradufu. Hesabu inasema Mashine B ndiyo inayotoa picha safi zaidi. Hata hivyo, hukumu hiyo haijakamilika.

Lumbesa katika picha

Wakulima wa alizeti na vitunguu mkoani Singida wanaifahamu vema lumbesa. Wanunuzi wawili wanaweza kutangaza bei moja kwa gunia, lakini mmoja anapokea gunia lililofungwa mdomo na mwingine anadai gunia lenye kilemba juu. Bei zao hazilinganishiki hadi magunia yarudishwe kwenye kilo.

Picha za MRI nazo zina lumbesa yake. Kipande kinene hukusanya mawimbi mengi kuliko kipande chembamba: unene ukiongezwa mara mbili, mawimbi nayo huongezeka mara mbili. Tuseme inabainika kwamba Mashine A ilikata vipande vya milimita 3 na Mashine B ilikata vya milimita 6. Mashine B ikitakiwa kukata vipande vya milimita 3 kama mwenzake, uwiano wake unashuka kutoka 60 hadi 30. Sasa Mashine A yenye 50 ndiyo bora. Namba ya awali haikuwa ya uongo, ila ilipimwa kwa gunia lenye kilemba.

Muda nao una lumbesa. Mashine ikirudia kipimo kile kile na kuchukua wastani, chenga hupungua, lakini taratibu: ili ubora uongezeke mara mbili, muda unapaswa kuongezwa mara nne. Picha safi iliyopatikana kwa dakika 8 haiwezi kushindanishwa na picha ya dakika 2 bila kuutaja muda huo. Tena mgonjwa mwenye maumivu hawezi kutulia dakika 8 kirahisi, na akijisogeza, faida yote hupotea.

Hivyo basi, ulinganishi wa haki una masharti: fantomu iwe moja au za aina moja, unene wa kipande uwe mmoja, ukubwa wa pikseli uwe mmoja, muda uwe mmoja, antena ya kupokelea mawimbi iwe ya aina moja, na njia ya kukokotoa iwe moja. Pale ambapo sharti moja haliwezi kutimizwa, tofauti hiyo huandikwa wazi kando ya matokeo.

Kupima leo, kupima kesho

Mashine haihakikiwi siku ya kufungwa kwake tu. Fantomu hupigwa picha mara kwa mara, na matokeo huandikwa katika daftari au kompyuta. Faida ya kumbukumbu hizo huonekana siku mambo yanapobadilika. Mashine iliyokuwa ikipata uwiano wa 50 kila wiki kwa miezi mingi, ikipata 38 ghafla, huenda sehemu moja ya antena imekufa. Madaktari huenda wasitambue upungufu huo kwa macho kwa muda mrefu, kwa sababu picha bado zinasomeka. Daftari hulitambua siku ile ile, na mhandisi wa vifaa tiba akaitwa mapema.

Joto pia lina nafasi yake. Maji ya moto na maji ya baridi hayatoi mawimbi kwa namna moja. Fantomu iliyokuwa stoo penye joto haipaswi kuingizwa moja kwa moja katika mashine. Huachwa chumbani hadi ipate joto la chumba, na kipimajoto husomwa na kuandikwa. Katika nchi za joto, ambako kiyoyozi huzimika umeme unapokatika, hatua hiyo ndogo huzuia hukumu nyingi za makosa.

Funzo kutoka Mbale na Mbarara

Katika mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ipo Hospitali ya Watoto ya CURE, inayojulikana kwa kuwatibu watoto wenye vichwa vikubwa, yaani wale waliojaa maji kichwani. Picha za kichwa za watoto waliokuwa katika utafiti wa matibabu huko zilitumika katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021. Watafiti walichukua picha nzuri za CT-Scan na kuziharibu kwa makusudi: wakapunguza ukali wake, wakaongeza chenga, wakafifisha tofauti kati ya ubongo na maji. Baadhi ya picha hizo zilizoharibiwa zilipitishwa katika programu ya akili mnemba ili zing'arishwe upya. Kisha madaktari bingwa watatu wa upasuaji wa ubongo wa watoto, waliozoea kufanya kazi katika nchi zenye kipato kidogo, waliulizwa: picha hii inatosha kupanga matibabu?

Matokeo yalikuwa mawili. Kwanza, picha zenye ubora wa chini kuliko ule uliozoeleka zilitosha kwa ajili ya ugonjwa huo, kwa sababu daktari alihitaji kujua maji yako wapi na ni mengi kiasi gani, wala hakuhitaji kuona kila mshipa. Pili, picha zilizong'arishwa na akili mnemba zilipendeza zaidi, lakini programu ilikuwa imeingiza makosa ya umbo ambayo yangeweza kumpotosha daktari. Watafiti walihitimisha kwamba picha hafifu inaweza kufaa kuliko picha iliyong'arishwa, kwa kuwa picha hafifu haiongezi kisichokuwepo.

Kusini-magharibi mwa nchi hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, mwaka 2022 wahandisi wa Uganda na wenzao kutoka Uholanzi na Marekani waliunganisha hapo hapo chuoni mashine ndogo ya MRI yenye nguvu ya takriban tesla 0.05, sawa na sehemu moja ya 30 ya tesla 1.5. Sumaku yake imeundwa kwa vipande vingi vidogo vya sumaku ya kudumu, hivyo haihitaji kupozwa kwa heliamu ya maji kama mashine kubwa. Picha zake haziwezi kufikia zile za mashine kubwa, wala hazikusudiwi kuzifikia. Jiwe la mizani kwake ni swali lililotoka Mbale: je, picha inatosha kwa kazi inayotakiwa, na je, haidanganyi?

Kurudi kwenye zile milimita tatu

Sasa mfano wa mwanzo unaweza kutazamwa upya. Tuseme daktari bingwa wa radiolojia amepata kumbukumbu za mashine zote mbili. Mashine ya Januari ilisoma kipenyo cha fantomu milimita 190 kamili. Mashine ya Julai ilisoma 193, yaani inarefusha kwa asilimia 1.6 hivi. Kwa uvimbe wa milimita 24, asilimia hiyo ni kama milimita 0.4 tu. Umbo la mashine haliwezi kueleza tofauti yote ya milimita tatu.

Daktari anaendelea kusoma. Picha za Januari zilikatwa kwa vipande vya milimita 5, za Julai kwa vipande vya milimita 1. Ncha ya uvimbe ikiangukia ndani ya kipande kinene, huchanganyika na ubongo mzima unaouzunguka na kufifia, na uvimbe ukaonekana mdogo kuliko ulivyo. Huenda basi uvimbe ulikuwa na milimita 24 tangu Januari.

Neno "huenda" halitoshi kumpeleka mtu kwenye upasuaji. Picha ya kutegua kitendawili ni ile itakayopigwa kwenye mashine ile ile ya Januari, kwa vipande vile vile vya milimita 5. Ikisoma 21 tena, hakuna dalili kwamba uvimbe umekua. Ikisoma 24, kuna sababu ya kuamini kuwa umekua, na hatua inayofuata ichukuliwe bila kukawia.

Mambo ya kuzingatia kwa mkazi anayepewa rufaa

Kwa wakazi wengi wa Ikungi, safari ya MRI huelekea Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, kupitia Manyoni na Bahi. Safari hiyo ni ndefu na ina gharama, hivyo inafaa ilete picha itakayotumika leo na miaka ijayo.

1. Fomu ya rufaa ibebe swali. Daktari akiandika kinachotafutwa, mtaalamu huchagua unene wa vipande na aina ya picha zinazolijibu swali hilo. Mgonjwa anaweza kumwomba daktari amweleze kilichoandikwa.

2. Omba CD yenye picha zenyewe pamoja na ripoti. Filamu iliyochapishwa hubeba picha chache. CD hubeba picha zote, na ndani yake huandikwa nguvu ya sumaku, unene wa vipande na tarehe. Bila taarifa hizo, picha mbili hazilinganishiki.

3. Tunza picha za zamani mahali pakavu, pasipo jua wala panya. Usiende kwenye kipimo cha pili bila kubeba cha kwanza.

4. Ikiwa ugonjwa unafuatiliwa kwa miezi au miaka, jitahidi kurudi kwenye mashine ile ile. Isipowezekana, mweleze mtaalamu kipimo cha kwanza kilifanyika wapi, naye ajitahidi kufuata utaratibu uliotumika.

5. Tulia. Mashine hupiga kelele kubwa, na mgonjwa hupewa vizibo vya masikio. Mama anayempeleka mtoto mdogo aulize mapema kama mtoto atahitaji dawa ya usingizi.

6. Toa taarifa ya chuma chochote kilichomo mwilini: kifaa cha kusaidia moyo, vyuma vya mifupa, au kipande cha chuma kilichowahi kuingia jichoni kwa mtu anayechomelea. Sumaku haizimwi mgonjwa anapoingia. Taarifa hiyo hulinda uhai kwanza, na picha baadaye.

7. Ripoti mbili zikitofautiana, mgonjwa asikate shauri peke yake wala kwa ushauri wa jirani. Azipeleke zote kwa daktari mmoja, na amuulize swali hili: picha hizi zilipigwa kwa utaratibu mmoja?

Maswali ya kujipima

Maswali yafuatayo yanaweza kujadiliwa katika vikundi au mikutano ya kijiji.

1. Kwa nini fantomu hupigwa picha badala ya mtu mwenye afya njema?

2. Mashine moja ina wastani wa mwanga 800 na chenga 20. Nyingine ina mwanga 450 na chenga 9. Vipande na muda ni sawa kwa zote. Ipi ina picha safi zaidi? (Jibu: ya pili, kwa uwiano wa 50 dhidi ya 40.)

3. Toa mfano wa lumbesa katika picha za MRI.

4. Kwa nini picha iliyong'arishwa inaweza kuwa na hatari kuliko picha yenye chenga?